Jina la mtu lisome mara tatu

Vijana wanaoanza kusoma habari kwenye televisheni huniuliza mambo ya sauti, ya mavazi na ya kutazama kamera. Hayo mtayajua kwa mazoezi, wanangu. Mimi nimesoma habari hapa Unguja zaidi ya miaka 25, na linalonikosesha usingizi mpaka leo ni majina.

Kwetu wengi hatutumii jina la ukoo. Mtu ana jina lake, la babake na la babu yake, na mara nyingi mjukuu hupewa jina la babu. Khamis Juma Khamis ni mtoto wa Juma Khamis. Ukiruka neno moja tu, umeshamtaja mtu mwengine.

Nami niliruka. Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini. Karatasi ya tanzia ililetwa studio imeandikwa kwa mkono, taarifa ya saa mbili usiku ikiwa imeshaanza. Aliyekufa alikuwa kijana, nikamtangaza babake. Asubuhi nilikwenda nyumbani kwao, Ng'ambo, nikakaa jamvini mbele ya yule mzee kuomba radhi. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, jina langu nimelisikia. La mwanangu sikulisikia."

Tangu siku ile kila jina nalisoma mara tatu: kimya kimya, kisha kwa sauti mbele ya mwenzangu, kisha namsomea kwa simu mtu wa familia, au sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, wa pale wanapoishi. Naipigia mstari ng' kwa kalamu nyekundu, maana wachapaji wengi huiacha ile alama, na Jang'ombe ikisomwa vibaya mji mzima unasikia. Kijiji cha Pemba nisichokijua namuuliza Mpemba, hata kama karani ameniandikia vizuri. Watazamaji wetu wana masikio makali. TVZ, televisheni ya Zanzibar, ilianza kurusha picha za rangi tangu miaka ya 1970, ilhali Bara walisubiri hadi miaka ya 1990 kupata vituo vyao. Usidhani kosa lako litapita.

Idadi nazo zina heshima yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa imepakia watu kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Watu walifurika viwanja vya Maisara kutambua maiti zao, na wengine waliokuwa mbali walikuwa mbele ya televisheni wakisubiri neno letu. Kila saa ililetwa idadi nyengine. Hapo usiseme "waliokufa ni kadhaa" kana kwamba hesabu imefungwa. Sema "maiti zilizopatikana mpaka saa hii", na utaje nani kaitoa hesabu hiyo. Mama ambaye mwanawe hajaonekana anaisikia tofauti ya maneno hayo kuliko mhariri yeyote.

Na machozi yakija, punguza mwendo, meza mate, endelea. Hakuna atakayekulaumu kwa kutua kidogo.

Sasa nimestaafu. Kuna binti mmoja aliyepokea zamu yangu ambaye hunipigia simu akiwa na shaka. Juzi alipiga saa moja na nusu usiku, ana jina la kijiji cha upande wa Micheweni. Nilimwambia silijui, ampigie sheha. Alimpigia.