Mahindi ya Uyole yalivyoniumbua

Juzi kijana mmoja wa Iringa kaniandikia: "Kamwene kaka. Nataka kupima kijani cha mji kwa setilaiti, nianze na programu gani?" Mdogo wangu, programu ndiyo kazi nyepesi. QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure, picha za setilaiti za Sentinel-2 nazo za bure. Ngoja nikusimulie nilivyoumbuka.

Nilikuwa nimetoka chuo, kichwa kimevimba. Ofisi moja hapa Mbeya (siitaji jina) ilitaka kujua miti ya mjini imepungua kiasi gani. Nikapakua picha mbili, moja ya Aprili 2017, nyingine ya Septemba 2021. Nikakokotoa NDVI, yaani kipimo cha ukijani: bendi ya 8 (mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho) toa bendi ya 4 (mwanga mwekundu), gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Jani bichi hunywa mwanga mwekundu na kurudisha infraredi, kwa hiyo penye majani mengi namba hupanda kuelekea 1. Kila pikseli, yaani kila kijiraba cha picha, iliyovuka 0.4 nikaiita mti. Ramani ya mabadiliko ikatoka: Uyole yote, hapa hapa Mbeya, nyekundu, rangi niliyoipa kijani kilichopotea, kama imeungua. Nikaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa, MBEYA INAGEUKA JANGWA.

Siku ya kuwasilisha, mama mmoja wa serikali ya mtaa akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hii ya kwanza ni ya mwezi gani?"

"Aprili, mama."

"Na hii?"

"Septemba."

"Basi hapo hakuna mti uliokatwa. Watu wamevuna mahindi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Malipo sikuyaona, na simu zangu hazikupokelewa tena. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi!

Kwa hiyo linganisha mwezi na mwezi. Mimi sasa nachukua Agosti: mawingu machache, mahindi na magugu yamekauka, kinachobaki kijani ni mikaratusi, miparachichi na bustani za kumwagilia. Hata hapo jakaranda itakuponza, maana hupukutisha majani kabla ya kuchanua. Halafu pikseli ni mita 10 kwa 10. Mparachichi mmoja uani humezwa na bati la jirani.

Ndiyo maana kwa ramani yangu mpya nilizunguka Mbeya kwa miguu, Forest, Isanga mpaka Itiji, simu mkononi, nikihakiki pointi za ramani moja baada ya nyingine. Mbwa walinikimbiza mara mbili. Vijana wa siku hizi mnapenda ramani za rangi, mji wenyewe hamuujui! Shukeni chini. Ongeeni na wenye mashamba. Na narudia, mwezi na mwezi.

Wiki iliyopita ofisi nyingine imeipokea ramani yangu mpya bila swali. Nikamtumia na yule mama, kwa majivuno kidogo, sikatai. Akajibu usiku uleule: "Hongera mwanangu. Mbona mparachichi wangu siuoni?"

Kweli haumo. Naendelea kutafuta picha zenye pikseli ndogo zaidi.