Kabla Hujampa Mgonjwa wa Moyo Dawa ya Miti Shamba

Ukiuguza mtu ambaye moyo wake umetanuka, utaletewa chupa. Mama yangu kaletewa unga wa mlonge, kitunguu saumu kilichosagwa na tangawizi, na dumu la maji meusi lisilo na lebo, eti ya kuzibua mishipa. Sisemi mimea haifanyi kazi. Inafanya, na hapo ndipo pa kuwa macho.

Chukua rozela, choya kwa wengine. Mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha jaribio la watu 65 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliokunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6, namba ya juu ya presha ilishuka kwa takriban 7. Waliopewa kinywaji cha kuzugia, kisicho na rozela, ilishuka kwa 1 na kitu. Si haba, ila haitoshi kumwachisha mtu vidonge. Tena anayemeza vidonge anajumlisha vyote viwili. Mama alipoanza kushushia dawa zake na jagi la rozela, kila akiinuka kitini anashika kabati kwanza. Tukapima: 92 kwa 58. Daktari alipunguza rozela, vidonge akaviacha kama vilivyo.

John Kirk, aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alikuwa na Livingstone huko Zambezi mswaki wake ulipoguswa na sumu ya mishale itokanayo na mmea uitwao kombe. Alipousugulia meno, mapigo ya moyo yakapungua. Mmea ule ule baadaye ukatoa dawa ya moyo. Digoksini, dawa nyingine ya moyo, nayo asili yake ni mmea, na kati ya dozi inayotibu na inayodhuru nafasi ni finyu mno. Sasa mgonjwa wa digoksini anapokunywa utomvu wa shubiri asafishe tumbo, anaharisha, potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji, inatoka, na dozi ile ile ya jana inageuka sumu. Hili ndilo linalonitisha kuliko yote.

Kwa wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno. Vidonge vyake na glasi za juisi yake ndivyo vya kuulizia, maana damu inaweza kutoka ovyo. Mboga za majani msiziache. Kinachotakiwa ni kula kiasi kile kile wiki hadi wiki, kwa sababu mchicha mwingi wa ghafla unapunguza nguvu ya dawa.

Siku ya kliniki mimi hubeba kila kitu kwenye mfuko, hata kile alicholeta shangazi, nikakipanga mezani na kuuliza: "Hii na vidonge vyake vinapatana?" Kisicho na jina wala viambato hakiingii mdomoni mwa mama, aliyekileta awe nani. Na kifua kikibana au pumzi zikikata, usibandike birika. Tafuta gari.