Soba ya Mboga Isiyogandamana

SWALI: Shikamoo dada. Daktari amemwambia mume wangu apunguze chumvi, basi nikajaribu soba, tambi za Kijapani, pamoja na mboga. Tambi zikagandamana bonge moja, mboga zikalegea, na nilipopunguza sosi ya soya mchuzi ukawa kama maji matupu. Nifanyeje? – Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mpe pole mzee. Nianze na mchuzi, maana hapo ndipo ulipokwama. Wajapani hawautii ladha kwa sosi ya soya peke yake. Kwanza hutengeneza dashi, yaani supu ya msingi ya mapishi yao, na dashi ya mboga hutokana na kombu, mwani mkavu mpana. Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aliuchunguza mwani huo mwaka 1908, akabaini kuwa utamu wake unatokana na glutameti, kemikali ya asili inayokoleza ladha. Mchuzi wenye ladha hiyo hukolea hata chumvi ikiwa kidogo.

Loweka gramu 10 za kombu na uyoga mkavu wa shiitake, vipande vinne, katika lita moja ya maji baridi. Ukilaza usiku kucha kwenye friji ndiyo bora. Ukibanwa, nusu saa. Ule unga mweupe juu ya mwani si ukungu, usiuoshe, ladha imo humo. Injika kwa moto mdogo, na ukiona viputo vidogo vinapanda kutoka chini ya sufuria, toa mwani kabla maji hayajachemka, la sivyo mchuzi utakuwa na utelezi na uchungu. Uyoga uache. Sasa tia sosi ya soya vijiko viwili vya chakula, uonje. Usidanganywe na rangi: sosi nyepesi ya Kijapani, usukuchi, ina chumvi kuliko ile nyeusi. Na mzee ale tambi na mboga, mchuzi aubakishe bakulini, kwa sababu chumvi nyingi iko humo.

Kinachogandisha tambi ni wanga. Chemsha maji mengi, angalau lita moja kwa gramu 100, bila chumvi. Zikiiva zimwage kwenye chujio, kisha zisugue kwa mikono chini ya maji baridi, kweli kweli, kama unafua kitambaa chepesi, mpaka maji yatoke maangavu, bila weupe wa wanga. Wakati wa kula zichovye kwenye maji ya moto tu. Kwa anayeanza napendelea soba yenye asilimia 80 ya unga wa soba (ndilo pia jina la mbegu zinazosagwa kutengenezea tambi hizi) na 20 ya ngano. Ya soba tupu hukatikakatika. Soma pakiti, nyingine zimetiwa chumvi.

Karoti nyembamba zitangulie kwenye mchuzi, dakika mbili baadaye kabichi, na spinachi wakati unazima moto.

Kama mzee ana shida ya tezi ya shingo, muulizeni daktari kabla ya kutumia kombu, kwani ina madini joto mengi mno. Hapo tumia shiitake peke yake, uongeze idadi.