Speza za inchi mbili kwenye Forester? Usimpe fundi kazi hiyo

SWALI: Habari fundi. Nina Subaru Forester ya 2010, tairi 215/65R16. Kila wiki natoka Karatu kwenda Mang'ola kwa barabara ya vumbi, na mwisho wa mwezi nashuka Arusha kwa lami. Kwenye makorongo gari linagonga chini, na kwenye kona za kushukia Mto wa Mbu linalala sana. Fundi wangu anataka kulinyanyua gari kwa speza za inchi mbili juu ya shokapu na raba ndani ya springi, kisha nivae tairi kubwa. Anasema ni kazi ya siku moja. Nimpe?

JIBU: Usimpe. Gari la umri huo likigonga chini na likalala kwenye kona, mtuhumiwa wa kwanza ni shokapu zilizochoka na springi zilizochoka na kukaa chini. Forester hiyo ilitoka kiwandani na nafasi ya zaidi ya sentimita 20 chini ya tumbo. Kabla ya kuinyanyua, irudishie kwanza urefu wake.

Raba ndiyo inayonikera kuliko yote. Kazi yake ni kuzuia mizunguko miwili mitatu ya springi isijikunje, kwa hiyo uzito uleule unabebwa na mizunguko michache iliyobaki. Wiki ya kwanza gari linasimama wima, mwenye gari anafurahi. Lakini shokapu ilitengenezwa kutuliza springi laini. Ukiipa springi ngumu inashindwa kuidhibiti, na kwenye barabara yenye mawimbi gari linarukaruka mpaka usukani unakuwa mwepesi mkononi. Nikizitoa raba hizo nakuta mchanga umejaa kati yake na chuma, rangi imesagika, kutu imeanza kula. Hapo hapo ndipo springi hukatikia.

Speza nayo ni bamba la duara linalokaa kati ya kichwa cha shokapu na bodi. Haiongezi mwendo wa shokapu, yaani umbali inaoweza kujikunja na kunyooka, hata kidogo. Inachobadilisha ni pembe. Draifshafti, vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye tairi, zinainama zaidi, buti (mpira unaofunika jointi yake) linakunjwa mpaka linapasuka, girisi inarukia ndani ya rimu. Ukikanyaga mafuta gari linatetemeka, ukiachia linatulia: jointi ya ndani imekwisha. Tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza tairi, nayo inainama, na bila alaimenti (kunyoosha tairi upya) utakula tairi upande mmoja. Halafu umelalamika gari linalala kwenye kona, na dawa unayopewa ni kupandisha uzito wake juu kwa inchi mbili! Mtu anakuuzia ugonjwa ulionao tayari.

Watu wameaminishwa kwamba gari la juu na gumu ndilo la porini. Gari hupita njia mbovu kwa sababu matairi yake yote manne yanagusa ardhi. Ukikata korongo kimshazari na springi zilizokazwa kwa raba, tairi moja linabaki hewani linazunguka bure, na Forester yako haina loki ya difu, ile inayolazimisha tairi za kushoto na kulia zizunguke pamoja. Utakwama mahali ambapo gari lenye springi zake za asili limepita.

Kwa hiyo nunua shokapu nne mpya pamoja na springi zilizotengenezwa kwa modeli hiyo, zenye kunyanyua milimita 25 hadi 30 basi. Zinunue kama seti, springi na shokapu zijuane. Siku hiyohiyo badilisha bushi (mipira) za loa amu, mkono wa chini unaoshika tairi, na linki za stabilaiza, fimbo inayozuia gari lisilale, maana nusu ya kuyumba kunatoka huko. Kama bado linalala, weka stabilaiza ya nyuma iliyo nene kidogo. Kisha alaimenti. Fundi akikwambia kemba ya mbele (tairi kuinamia ndani au nje) hairekebishiki, mwonyeshe boliti ya juu kati ya mbili zinazounganisha shokapu na habu, kitovu cha tairi: kwenye Subaru ndiyo ya kurekebishia. Pesa ikibaki, funga bamba la chuma chini ya injini.

Kuhusu tairi, ukitoka 215/65R16 kwenda 215/70R16 kipenyo kinaongezeka kama milimita 21, maana yake gari linapanda milimita 10 na kidogo tu, na kipima mwendo kikisema 100 utakuwa unakwenda kama 103. Hiyo inavumilika, ila hakikisha tairi haigusi chochote usukani ukikatwa mpaka mwisho. Kisichovumilika ni kununua mbili mpya na kuacha mbili zilizochakaa. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, vinginevyo klachi inayopeleka nguvu nyuma inasuguana muda wote mpaka inaungua.

Na hili si la Forester peke yake. Angalia Toyota IST zilizonyanyuliwa mjini: speza zimechongwa kwa nailoni na mtu wa mashine ya kukereza, hakuna aliyepima, na boliti za juu ni zilezile fupi, nati imeshika meno mawili matatu. Ukinunua gari lililotumika, fungua boneti utazame vichwa vya shokapu, kisha ingiza mkono kwa ndani juu ya tairi. Ukigusa bamba lisilo la kiwanda, kata kwenye bei gharama ya draifshafti mbili, au mwachie mwenyewe gari lake.