Hiyo jumla ni ya nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la tatu hapa Ujiji, watoto 84. Kwenye mafunzo kazini tuliambiwa tufungamanishe masomo, mada moja ibebe Kiswahili, Hisabati na Sayansi. Nikachukua "Ziwa letu". Watoto wameimba, wamechora mitumbwi, wamechangamka kwelikweli, ila jaribio la Hisabati wameanguka. Mwalimu mkuu haniangalii vizuri. Nirudi nilikotoka?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usirudi. Mimi yalinikuta na MV Liemba. Wiki nzima hadithi ilinoga: meli ya Wajerumani iliyoletwa Kigoma vipandevipande, ikashushwa majini 1915, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Kipindi cha Hisabati nikaandika ubaoni 1916 + 1924. Binti wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, hiyo jumla ni ya nini?" Nikakosa la kusema. Nikafuta alama ya kujumlisha, nikaweka ya kutoa: meli ilikaa chini ya maji miaka mingapi? Darasa zima mikono juu. Minane!

Mitumbwi yako haikudai hesabu yoyote, ndiyo maana hesabu haikufundishika. Tafuta swali lisilojibika bila hesabu. Mwalo wa Kibirizi si mbali nawe. Nunua kilo moja ya dagaa wabichi, wapime watoto wakiona, waanike juu ya chanja, si mchangani. Wakishakauka, pimeni tena. Sisi tulipata gramu 270. Zile 730 zimekwenda wapi? Hapo kuna kutoa, kuna mvukizo, na Kiswahili kimo pia, maana kila mtoto ataandika sentensi tatu za kumweleza mama muuza dagaa alichokiona. Waulize pia kwa nini mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi hulala nyumbani; wengi baba zao wamo humo, watakufundisha wewe.

Jambo hili si la jana. Katika shule ya John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, huko Chicago, iliyofunguliwa 1896, watoto walijifunza vipimo wakipika.

Ila jedwali la 7 lifundishe peke yake, dakika kumi kila asubuhi. Kisichoingia kwenye mada usikisukumize.

Kwenye andalio la somo andika umahiri wa kila somo mbali mbali, umwoneshe mwalimu mkuu. Na siku ya kupima dagaa wakavu, mwombe yeye ndiye ashike mizani.