Jiwe la Mbwemkuru: ni kamba wa mtoni au wa baharini?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Lindi, juzi bonde la Mbwemkuru nimeokota jiwe lina alama ya kamba mwenye magando. Wenzangu wanasema kambakoche, mimi nahisi kamba wa mtoni wa kale. Nitajuaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kambakoche mtoe kabisa, yule hana magando, ana vipapasio virefu vinene vya miiba. Wanaochanganya watu ni kamba wa baharini wenye magando, hao na wa mtoni, yaani crayfish, ni ndugu.

Anza na jiwe lenyewe. Tabaka za mawe za Tendaguru, kile kilima cha hapo Lindi, zimepandana, za mifupa ya dinosaria, halafu mchanga wa bahari wenye makombe, halafu mifupa tena, kwa hiyo ukiona makombe kwenye jiwe hilohilo ujue huyo ni wa bahari.

Kama hamna, safisha kwa brashi laini, msumari usiguse jamani. Tazama kifuani kwa chini: pingili ya mwisho, ile yenye miguu ya nyuma kabisa, kwa kamba wa mtoni iko huru inacheza, kwa wa baharini imeshikamana na wenzake. Hapo ndo penye jibu, ila mara nyingi upande huo umezama kwenye jiwe. Na kama gamba la mgongo limeinuka likaachana na mkia, huenda ni gamba alilojivua tu, mwenyewe aliondoka.

Sasa mkia, bapa la katikati. Kamba wa mtoni wa kaskazini, Ulaya na Marekani, bapa lao lina mstari unaolikata kwa upana, wa kusini hawana au haujakamilika. Hili kwetu ni kubwa sana, maana Afrika bara hatuna kamba wa mtoni wa asili, wale wa Naivasha walipandikizwa 1970 na asili yao ni Marekani, lakini hapo ng'ambo tu Madagaska wapo wa kusini, wanaitwa Astacoides, na Australia kilitangazwa 2008 kisukuku cha kamba wa mtoni, yaani masalia yaliyogeuka jiwe, cha miaka kama milioni 106, na nchi hizo zamani zilikuwa bara moja na sisi! Ndo maana swali lako limenikosesha usingizi.

Nitumie picha za mgongo, chini na mkia, weka rula pembeni, na uniambie jiwe ulilitoa ukutani kwenye tabaka au lilikuwa limelala mchangani, maana mto unabeba mawe kutoka mbali.