Maswali ya lugha ya programu ya Rust: soma kosa lote kwanza

Ukiuliza kuhusu kosa bila namba yake, hujibiwi hapa. Na kabla ya kuandika, endesha `rustc --explain` (`rustc` ndiyo kompaila ya Rust, inayokagua msimbo na kuugeuza programu) pamoja na namba hiyo.

Nina orodha ya meli za bandari ya Tanga. Nimeandika `let ya_kwanza = &meli[0];`, kisha `meli.push(mpya)`, mwisho nachapisha `ya_kwanza`. Napata E0502 (kubadilisha kitu ambacho bado kimeazimwa), na meli ya kwanza sijaigusa! (Chumbageni)

Wewe hujaigusa; `push`, inayoongeza kitu mwishoni, inaweza. Vekta (orodha inayokua) ikijaa, huomba memori kubwa zaidi, huhamishia kila kitu huko na kuiachia ile ya zamani. Rejea yako `ya_kwanza`, yaani kiashiria cha mahali meli ilipo, ingebaki kuelekea memori isiyo yako tena. C++ hukubali msimbo wa namna hii kimya, ukaharibika siku orodha inapojaa, si siku ya majaribio. Chapisha kabla ya `push`: tangu edisheni ya 2018 azimo (rejea kushikilia kitu) huisha linapotumika mara ya mwisho, halingoji mabano ya kufungia. Kama lazima uchapishe baadaye, soma `meli[0]` upya. Namba ya nafasi haiazimi kitu, ila ukifuta meli iliyoitangulia, au hiyo yenyewe, itaonyesha nyingine, na hapo kompaila haikuonyi.

Nikizungushia msimbo huo `unsafe`, alama ya kuruhusu shughuli hatari? (Ngamiani)

Haizimi ukaguzi wa maazimo. E0502 itabaki palepale.

Fankshoni yangu inaunda `String` na kurudisha `&str`. Nimeweka `'a` (jina la muda wa uhai wa rejea) kila mahali, bado E0515, kurudisha rejea ya kitu cha ndani ya fankshoni. (Muheza)

`'a` haiongezi uhai wa kitu. Inaeleza tu rejea inayotoka inategemea ipi iliyoingia, na kwako hakuna iliyoingia. `String` hiyo hufutwa fankshoni ikiisha, basi rudisha `String` yenyewe. Kubandika `'static`, yaani uhai wa programu nzima, hakusaidii.

`for m in mizigo`, kisha nikiita `mizigo.len()` naletewa E0382 (kutumia kitu kilichokwisha kuhamishwa).

Tena? Kitanzi chako kimeichukua `mizigo` yote; iazime tu: `for m in &mizigo`.

Nimechoka, nataka kila kitu kiwe ndani ya `RefCell`, kasha linalokagua maazimo programu ikiendeshwa. (Pangani)

Kanuni ya maazimo hujaiondoa, umeiahirisha. `borrow_mut` (kuazima ili kubadilisha) mbili zikikutana, programu inaanguka mbele ya karani wa mizani ya katani badala ya mbele yako. Jaribu kwanza kuazima sehemu mojamoja: `&mut gari.mzigo` na `&gari.namba` hukaa pamoja bila ugomvi ndani ya fankshoni moja. Ukipitia `gari.mzigo_mut()` inayochukua `&mut self`, gari zima limeazimwa. Mara nyingi tatizo ni hizo fankshoni ndogondogo za kuchukulia sehemu, zilizoletwa kwa mazoea kutoka Java.